Pikipiki za safari ndefu na abiria: Boxer, TVS na za Kichina zikilinganishwa kwa matumizi ya mipakani

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani. Katika miaka ya 1960 na 1970 waendesha baiskeli wa Busia, na baadaye Malaba, walikuwa wakivusha watu katika eneo lililo kati ya vituo vya Uganda na Kenya, na waliita wateja kwa kutaja kazi yao: kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baiskeli zilipoanza kuiachia pikipiki nafasi, hasa baada ya Kenya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, kazi yenyewe ilibadilika. Abiria wa leo hapelekwi getini tu. Mfanyabiashara anayeshuka basi Namanga huweza kupanda pikipiki na kwenda kijijini kilomita 40 nje ya lami kuangalia ng'ombe au mahindi. Mwingine hutoka Mutukula hadi Bukoba, mwendo wa kilomita 80 hivi, akiwa na msaidizi wake nyuma na begi la fedha na sampuli katikati.

Hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu pikipiki nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki hazikutengenezwa kwa safari ya namna hiyo. Ni pikipiki za mjini, za mtu kwenda kazini na kurudi. Zinafanya kazi ya safari ndefu na abiria kwa sababu ndizo zinazopatikana, na kwa sababu vipuri vyake viko kila kona. Makala haya yanazilinganisha kwa kazi hiyo moja: watu wawili, mzigo kiasi, kilomita 50 hadi 200 kwa siku, na mpaka katikati ya njia.

Uzito ndio hesabu ya kwanza

Wanunuzi wengi huuliza kwanza bei, kisha mafuta. Swali la uzito huulizwa mwisho au haliulizwi kabisa. Chukua dereva wa kilo 70, abiria wa kilo 75 na mzigo wa kilo 20. Jumla ni kilo 165. Pikipiki ya cc 100 yenyewe ina uzito wa karibu kilo 110. Maana yake kilichobebwa ni kizito kuliko kinachobeba, jambo ambalo halitokei kwa gari dogo hata likijaa watu watano. Vitabu vya mtengenezaji kwa pikipiki nyingi za kundi hili huweka kikomo cha mzigo, dereva akiwemo, karibu na kilo 130 hadi 150. Kwa hiyo dereva mwenye abiria mmoja mnene na gunia dogo tayari amevuka kikomo, hata kama hajabeba mishikaki.

Uzito huo haukai katikati. Abiria hukaa karibu juu ya tairi la nyuma, na mzigo ulio kwenye keria hukaa nyuma ya ekseli. Matokeo yake usukani wa mbele huwa mwepesi, tairi la mbele hushika barabara kidogo, na dereva akikanyaga breki ya nyuma peke yake, kama wengi walivyozoea, safari ya kusimama huwa ndefu. Begi zito likikaa kati ya dereva na abiria, au likigawanywa pande mbili za kiti chini ya kiwango cha makalio, pikipiki ile ile hutulia kuliko likifungwa nyuma kabisa. Madereva wanaosafirisha vifaranga na mayai wanalijua hili vizuri kuliko wanaobeba watu.

Upepo wa tairi nao hubadilika. Kwa pikipiki nyingi za Kihindi za cc 100 hadi 150 kiwango ni PSI 25 mbele, na nyuma ni 28 dereva akiwa peke yake, kisha 32 akiwa na abiria. Kibandiko kilicho kwenye pikipiki au kitabu chake ndicho cha kufuata. Tofauti ya PSI 4 inaonekana ndogo, lakini tairi laini lenye watu wawili hupata joto, hula tyubu, na hufanya pikipiki kuyumba kwenye kona.

Miinuko hula nguvu

Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Anayenunua pikipiki Mombasa au Tanga kisha akaenda kuitumia Kabale hununua, kwa maneno mengine, pikipiki ndogo kuliko aliyoijaribu dukani. Nairobi iko karibu mita 1,700, Kigali karibu 1,500, Arusha karibu 1,400, Kabale karibu 2,000. Pikipiki ya nguvu za farasi 8 pwani hubaki na 6 na nusu hivi Kabale. Ya farasi 12 hubaki na karibu 10.

Sasa weka mlima. Pikipiki ya kilo 110 yenye mzigo wa kilo 165 ni kilo 275. Kupanda mteremko wa asilimia 10 kwa kilomita 40 kwa saa kunahitaji takribani nguvu za farasi 4 kwa kuinua uzito tu, kabla ya kuhesabu upepo, msuguano wa cheni na barabara mbaya. Pikipiki ya cc 100 katika nyanda za juu inafanya kazi hiyo ikiwa imefika mwisho wa uwezo wake. Dereva hushusha gia hadi ya pili, injini hulia, mwendo ni mdogo na upepo wa kuipoza haupo. Hizi ni injini za kupozwa na hewa, na nyingi hubeba oili ya karibu lita 1 tu. Oili hiyo ikishuka kidogo kisha mlima ukaongezeka, pistoni na ringi ndizo zinazolipa.

Karbureta nayo hupenda pwani. Katika miinuko humimina mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, plagi huwa nyeusi, na dereva hulalamika kuwa pikipiki inakunywa. Fundi mzuri wa Kabale au Iringa hurekebisha. Shida ni kwa anayeshuka na kupanda kila wiki, maana marekebisho ya juu hayafai chini.

Kundi la cc 100

Hapa wanaokutana zaidi ni Bajaj Boxer 100 na TVS HLX 100, zote zikiwa na nguvu za farasi kati ya 7 na 8. Ubora wao ni mafuta na bei. Kwa njia tambarare kama Taveta hadi Voi, au Horohoro hadi Tanga ambako ni kilomita 65 hivi, kwa abiria mmoja asiye na mzigo mkubwa, zinatosha. Mwendo wa starehe ni kilomita 50 hadi 60 kwa saa. Kuzidi hapo na watu wawili ni kuilazimisha, na lori la mafuta likija kutoka mbele upepo wake huisukuma pikipiki pembeni kwa nguvu isiyotarajiwa.

Wenye mkopo hupenda kundi hili kwa sababu marejesho ni madogo. Ila anayefanya njia ya milima na abiria kila siku hatimaye hulipa tofauti ile ile kwa fundi, kwa mafungu madogo madogo: klachi, cheni, ringi, tairi la nyuma. Hesabu ya mwaka mzima ndiyo inayosema kweli. Hesabu ya siku ya kununua husahau vipuri.

Kundi la cc 125

Kwa matumizi ya watu wawili hili ndilo kundi lenye uwiano mzuri. Boxer 125 ni ya cc 124.6, na TVS HLX 125 ni ya cc 124.5, nguvu zikiwa farasi 10 hadi 11. Nguvu ya kuvuta hupatikana mapema, kwa hiyo dereva haihitaji kuinua mizunguko kila anapoondoka. TVS huuza matoleo ya gia 4 na ya gia 5, na kwa safari ndefu ya lami ile ya gia 5 ina faida halisi: injini huzunguka taratibu kwa mwendo ule ule, mtetemo hupungua, na mikono ya dereva haifi ganzi baada ya saa mbili.

Kuna jambo la leseni pia ambalo wauzaji hawalitaji. Tanzania daraja A1 ni la pikipiki isiyo na kitoroli cha pembeni yenye ukubwa wa chini ya cc 125 au kilo 230, na daraja A ni la zilizozidi hapo. Pikipiki inayouzwa kwa jina la "125" ina cc 124 na ushei, hivyo iko ndani ya A1. Mwenye leseni ya A1 akinunua ya 150 anaendesha nje ya daraja lake, na siku ya ajali kampuni ya bima italiona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kundi la cc 150

Boxer BM150 ina injini ya cc 144.8 na nguvu za farasi 12 hivi, tanki la lita 11, na shokapu za nyuma zenye springi ndani ya springi. TVS HLX 150 ni ya cc 147.5 na gia 5. Hizi ndizo zilizotawala njia ngumu za Uganda, Kongo ya mashariki na nyanda za juu za Tanzania, na si kwa bahati. Zikiwa na watu wawili zinapanda mlima kwa gia ya tatu pale ambapo ya cc 100 inahema kwa ya pili. Chesesi ni nzito kidogo na breki za ngoma ni kubwa zaidi. Baadhi ya matoleo huja na diski mbele.

Je, Boxer au TVS? Kwa injini tofauti si kubwa ya kumnyima mtu usingizi. Boxer husifiwa kwa kuvuta kutoka chini na kuvumilia matumizi mabaya. TVS husifiwa kwa ulaini wa gia na kiti. Kinachoamua ni njia. Kigali imezoea TVS tangu zamani, na fundi wa huko huifungua akiwa amefumba macho. Kampala, Kisumu na miji mingi ya Kongo ya mashariki Boxer ina vipuri hadi kwenye meza za sokoni. Anayevuka mpaka mara kwa mara achague ile ambayo kipuri chake kinapatikana pande zote mbili, hata kama ile nyingine ni bora kidogo kwenye karatasi. Pikipiki iliyolala siku tatu Isebania ikingoja kebo ya klachi kutoka Mwanza haina ubora wowote.

Mafuta ya kundi hili ni mengi kuliko ya cc 100, lakini pengo hupungua abiria anapopanda, kwa sababu ndogo hulazimika kufanya kazi kwa ekseleta iliyofunguka yote. Namba za mtengenezaji hupimwa na mtu mmoja kwenye barabara tambarare, kwa hiyo zisitumike kupangia nauli. Njia ya uhakika ni kujaza tanki hadi shingoni, kwenda safari ya kawaida na abiria, kisha kujaza tena hadi pale pale na kugawa kilomita kwa lita. Ikiwa jibu ni kilomita 40 kwa lita, tanki la lita 11 likiachiwa lita 2 za akiba linatoa kilomita 360. Hiyo ni Namanga hadi Arusha, kurudi, na ziada ya kutosha.

Za Kichina

Jina la jumla linadanganya kidogo, kwani ndani yake kuna Haojue iliyotulia na kuna majina yaliyopita sokoni miaka mitatu yakapotea pamoja na vipuri vyake. SanLG, T-Better, Fekon, Toyo na Kinglion zilijenga biashara ya bodaboda Tanzania kwa bei yake. Injini ya nyingi kati yao ni mtoto wa Honda CG125, pikipiki iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako huduma ni haba. Vali zake husukumwa na fimbo, hakuna cheni ya taimingi ya kukatika, na fundi yeyote wa chini ya mwembe anaijua. Nyingi ni za cc 125 hadi 150 zenye gia 5 na tairi za inchi 18 ambazo huvuka mashimo vizuri zaidi kuliko za inchi 17.

Udhaifu hauko sana kwenye injini. Uko kwenye vitu vinavyoizunguka: waya, swichi, spoku, bolti za keria, viungo vya kuchomelea vya chesesi, na shokapu zinazochoka mapema. Abiria anakaa juu ya vitu hivyo hasa. Anayenunua ya Kichina kwa kazi ya watu wawili atenge fedha ya kubadilisha shokapu za nyuma na cheni tangu mwanzo, na spoku zikazwe baada ya wiki ya kwanza, kisha kila mwezi. Kwa masharti hayo inalipa. Bila hayo bei nafuu ni mkopo wa siri.

Kubwa za safari na za miradi

Zipo pikipiki zilizotengenezwa hasa kwa ajili ya watu wawili kwenda mbali. Honda Gold Wing ya silinda sita na cc zaidi ya 1,800 ina kiti cha abiria chenye mgongo na mikono kama cha sebuleni, na ina uzito wa zaidi ya kilo 350. Honda Africa Twin na BMW za jamii ya GS hupita Namanga na Tunduma zikiwa na watalii. Kwa mfanyabiashara ni za kutazama. Tairi lake moja halipatikani Sirari, na likianguka kwenye tope watu wawili hawatoshi kuliinua dubwana lile.

Za miradi ni habari nyingine. Yamaha AG200 na Honda za aina ya XL125 zilizotumiwa na mashirika huuzwa kwa mnada, na chesesi yake ni imara kweli. Ila ndugu yake Yamaha AG100 ilitengenezwa kwa mtu mmoja na mizigo, injini yake huunguza oili pamoja na petroli, na kumweka abiria juu ya keria yake ni kumweka mahali ambapo hakuna kiti.

Za umeme zinakuja kwa kasi. Rwanda imekuwa na pikipiki za kubadilishia betri za Ampersand tangu 2019, na kuanzia Januari 2025 serikali ilielekeza kuwa pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme tu. Mjini hesabu yake ni nzuri. Kwa safari ya mpakani swali ni moja: kituo cha kubadilisha betri kiko wapi baada ya geti? Mara nyingi kampuni moja haitoi betri kwa pikipiki ya kampuni nyingine, na abiria na mlima hupunguza kilomita za betri kama zinavyopunguza za petroli.

Upande wa abiria

Kiti kirefu na bapa ni bora kuliko kilichoinuka nyuma, kwa sababu kilichoinuka humsukuma abiria mbele kila breki inapokanyagwa. Tazama pia vikanyagio vya abiria vimefungwa wapi. Kwenye baadhi ya pikipiki vimefungwa kwenye mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, hivyo miguu ya abiria hurushwa na kila shimo. Vilivyofungwa kwenye chesesi humpumzisha. Kwa kilomita 5 hakuna atakayegundua tofauti, kwa kilomita 80 abiria hatarudi kwa dereva huyo.

Akina mama wengi hukaa upande. Kitenge au kanga ikiingia kwenye cheni au spoku ni ajali mbaya, na hutokea. Pikipiki za Kihindi mara nyingi huja na kinga ya chuma au plastiki kushoto mwa tairi la nyuma, iliyowekwa kwa ajili ya nguo ndefu za huko. Madereva huing'oa ili kufunga mizigo. Isingefaa kung'olewa. Cheni iliyofunikwa yote nayo hulinda nguo, na huishi muda mrefu zaidi kwenye vumbi.

Kuhusu spoketi, mtindo wa kuongeza jino moja mbele ili pikipiki ikimbie hufaa lami tambarare tu. Ukitoka meno 14 mbele kwa 42 nyuma ukaenda 15 kwa 42, injini huzunguka pungufu kwa asilimia 7 hivi kwa mwendo ule ule. Faida hiyo hurudishwa mlimani, kwenye klachi.

Getini na ng'ambo

Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia. Anayevuka Rusumo, Kabanga au Elegu hubadilisha upande, na kosa la kawaida halitokei darajani ambako kuna alama. Hutokea baada ya kusimama kunywa chai na kuingia tena barabarani kwa mazoea. Kwa abiria kuna jingine. Pikipiki nyingi zina ekzosi kulia. Kwa nchi za kushoto abiria hushukia kushoto, pembeni mwa barabara, mbali na ekzosi. Kwa Rwanda pembeni mwa barabara ni kulia, na mgeni asiyeonywa huweka ndama ya mguu kwenye bomba la moto. Kinga ya ekzosi iliyokamilika ni kitu cha kukagua kabla ya Rusumo.

Abiria ni mmoja, na kofia ngumu ni mbili, kwa dereva na kwa abiria. Kenya sheria ya usalama barabarani huzitaka kofia na koti la kuakisi kwa wote wawili, na leseni ya anayebeba abiria wa nauli ni daraja A3. Rwanda usimamizi wake ni mkali na hausikilizi hadithi. Tanzania kibali cha kubeba abiria hutolewa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na kibali hicho ni cha ndani ya nchi. Hakimpi mwenye pikipiki ya namba ya MC haki ya kusimama Taveta na kutafuta abiria wa kwenda Voi. Kumpeleka mshirika wa biashara ni jambo moja, kutoza nauli nchi ya watu ni jambo jingine.

Bima ndipo pesa nyingi hupotelea. Bima ya matumizi binafsi kwa kawaida haimgusi abiria aliyelipa nauli, hivyo mtu akivunjika mguu, gharama humrudia mwenye pikipiki. Na bima ya nyumbani huishia mpakani, isipokuwa imeongezewa Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini inashiriki mpango wa kadi hiyo, kwa hiyo inakubalika Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi kwa wanaotoka Tanzania, na kinyume chake. Ikaguliwe kama nchi anayokwenda dereva imetajwa kwenye kadi. Forodha nayo huhitaji kadi ya umiliki na kibali cha muda cha chombo cha kigeni, na kama pikipiki si ya dereva, barua ya mwenye mali. Vituo vya pamoja kama Holili na Taveta, Rusumo, Mutukula, Busia na Namanga vimefupisha foleni, ila havijafuta karatasi.

Kununua ng'ambo na kuileta nyumbani kwa sababu bei ni ndogo kunahitaji tahadhari. Pikipiki kuunganishwa katika nchi mwanachama hakuifanyi moja kwa moja kuwa bidhaa ya Jumuiya. Inatakiwa itimize kanuni za uasili na iwe na cheti. Cheti rahisi cha mpakani cha mzigo usiozidi dola 2,000 ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha, na pikipiki iliyotoka India au China ikipitia duka la nchi jirani haiingii humo. Italipiwa ushuru kisha isajiliwe upya, na mara nyingi ile tofauti ya bei huishia hapo.

Kwa iliyotumika, namba ya chesesi na ya injini zisomwe kwa macho na kulinganishwa na kadi kabla fedha haijatoka mfukoni. Kisha pikipiki iwekwe kwenye sitendi kubwa, tairi la nyuma lisukumwe kushoto na kulia kwa mkono. Likicheza, bushi zimekwisha kwa kubeba watu. Viungo vya kuchomelea vilivyo chini ya kiti, pale abiria anapokaa, vipanguswe rangi na vumbi na vitazamwe kama vina ufa au vimechomelewa mara ya pili. Mwisho ijaribiwe mlimani na mtu nyuma, si kwenye uwanja wa muuzaji.